Uvimbe usio kansa karibu na uti wa mgongo: kusubiri, kupasua Moshi, kwenda Dar au India?

Mtu akishaambiwa ana uvimbe karibu na uti wa mgongo, alafu dokta akaongezea "ila hauonekani kama kansa", nyumbani watu wanagawanyika palepale. Huku wanasema tumshukuru Mungu, aachwe, kisu cha mgongo kinalemaza watu, kule wameshafungua grupu la WhatsApp la michango ya India hata picha ya MRI haijasomwa vizuri. Nimekaa kwenye vikao hivyo, cha mama mdogo wangu wa Machame na vya majirani hapa Sakina, Arusha, na naona wote wanarukia hospitali kabla hawajajua uvimbe unabana nini na unabana kiasi gani. Hilo ndo linaamua karibu kila kitu, hospitali inakuja mwishoni.

Mi si dokta, nimeuguza na nimeuliza sana, kwahiyo chukua haya uende nayo kwa dokta wako.

Na kabla ya kulinganisha chochote: kama mguu umeanza kulegea, ndala inamtoka anaendelea kutembea hajui, kama mkojo umegoma au unatoka wenyewe, choo hakizuiliki, sehemu anayokalia imekufa ganzi, hapo hamna kikao. Ni hospitali leoleo, sio Jumatatu, na ukifika pale mapokezi sema hivyo hivyo kwamba miguu inalegea na mkojo haueleweki, usiseme "anaumwa mgongo" maana wanaoumwa mgongo kwenye foleni ni wengi na utakaa nao.

Kwanza ujue ni uvimbe gani

"Sio kansa" ni habari njema ila haijamaliza maneno. Uti wa mgongo, ule mshipa mkuu wa fahamu wa katikati ya mgongo, unapita kwenye tundu la mfupa, na mfupa hautanuki, kwahiyo hata kinyama kipole kikikua mle ndani kinachobanwa ni uti. Na sehemu zinatofautiana. Kifuani tundu ni jembamba, nafasi ya ziada ni ndogo. Kiunoni kuna unafuu kidogo, kwasababu kwa mtu mzima uti wenyewe unaishia kwenye pingili (mfupa mmoja mmoja wa mgongo) ya kwanza au ya pili ya kiuno, kushuka chini inabaki mishipa ya fahamu tu, na hiyo inavumilia kubanwa kuliko uti. Ndo maana uvimbe wa saizi ileile mmoja anaambiwa tusubiri mwingine anaambiwa lala hapahapa wodini.

Majina utakayokutana nayo kwenye ripoti: shwanoma inaota kwenye seli zinazofunika mshipa wa fahamu, inakua taratibu, na mara nyingi inavuliwa kutoka kwenye ganda lake nyuzi zingine za mshipa zikabaki salama. Nyurofibroma inafanana nayo kwenye picha ila nyuzi za mshipa zinapita katikati yake, kuitoa bila kugusa mshipa ni kazi, na wengine wanakuwa nazo nyingi kwasababu ya ugonjwa wa kurithi ambao dalili yake ni mabaka ya rangi ya kahawa kwenye ngozi, sita na kuendelea. Kwa hawa hawapasui zote, wanafuata ile inayoleta madhara. Meninjioma inatoka kwenye utando unaofunika uti, inawapata zaidi wakina mama wa umri wa kati na wazee, mara nyingi usawa wa kifua, ndo iliyompata mama mdogo. Ganglionyuroma inakaa pembeni mbele ya pingili, kifuani au tumboni, kwa vijana zaidi, inaweza kukua sana bila dalili mpaka ionekane kwenye eksirei iliyopigwa kwa ajili ya kitu kingine kabisa. Hemanjioma ya pingili ni ya kawaida mno, karibu mtu 1 kati ya 10 anayo, na wengi wao hawahitaji kitu chochote, usikubali kutishwa nayo. Osteoidi osteoma ni kadogo, ka kwenye mfupa, kanauma usiku na kanatulia ukinywa aspirini au dawa za jamii ya diklofenaki, na kanaweza kuunguzwa kwa sindano ya moto wakiongozwa na siti skani kama hakajakaa karibu sana na mshipa.

Kuna moja nataka uisikie vizuri japo ni nadra: paraganglioma. Hii inaweza kumwaga homoni zinazopandisha presha. Kama mgonjwa ana presha inayoruka ghafla, moyo kwenda mbio, jasho na kichwa kuuma kwa vipindi, muulize dokta kama kipimo cha mkojo au damu cha hizo homoni kimefanyika kabla ya mtu yeyote kuingiza sindano au kisu. Inatakiwa presha ishushwe kwa dawa maalumu siku 7 mpaka 14 kabla, la sivyo kuigusa tu kunaweza kulipua presha mezani.

Alafu kwa huku kwetu kuna vitu vinajifanya uvimbe. TB ya mgongo ipo. Bruselosisi, ule wa ng'ombe kutupa mimba, nao unakaa kwenye pingili, na sisi watu wa maziwa mabichi tunaujua. Na kuna kansa zilizosafiri kutoka kwenye tezi dume au titi. Kwahiyo neno "haionekani kama kansa" muulize dokta amelitoa wapi, kwenye picha peke yake au kwenye kinyama kilichopimwa. Uvimbe wa ndani ya tundu mara nyingi hawautoboi kwanza, wanatoa moja kwa moja alafu maabara inapima. Wa nje pembeni ya pingili unaweza kuchukuliwa bayopsi, yaani kinyama cha kupima, kwa sindano.

Kusubiri na kupasua

Kusubiri kunafaa kwa uvimbe ulioonekana kwa bahati, mdogo, haujasukuma uti, mtu hana udhaifu wala ganzi inayoongezeka. Kunafaa pia kwa mzee mwenye moyo mbovu au sukari isiyotulia ambaye nusu kaputi yenyewe ndo hatari kubwa. Faida yake inaeleweka, huna kidonda, huna hatari ya kuamka na mguu ambao haukuwa hivyo jana.

Ila kusubiri kuna bei yake, na hapa ndo watu wengi wa kwetu wanakosea hesabu. Kusubiri maana yake MRI nyingine, mara nyingi baada ya miezi 6, alafu kila mwaka kama haujasogea, na kila mara dokta amkague nguvu za miguu, rifleksi (mguu unavyoruka goti likigongwa) na hisia, afananishe picha mpya na ya zamani. Kama unajua kabisa kwamba baada ya miezi 6 mgonjwa atasema "mi sijambo" na shamba linasubiri na hela ya MRI imeliwa na ada, basi hujachagua kusubiri, umechagua kusahau. Kwa mtu wa namna hiyo mi ningeegemea kupasua mapema kama dokta anaona ni sawa, hasa akiwa kijana, maana ana miaka mingi mbele ya uvimbe kukua na uvimbe mdogo ni rahisi kutoa kuliko mkubwa.

Kupasua hakuna mjadala pale picha inapoonyesha uti umesukumwa na mtu ana dalili. Kitu kimoja madaktari wote niliowasikia wanakubaliana nacho: hali uliyoingia nayo chumba cha upasuaji ndo inayotabiri utakayotoka nayo. Anayeingia anatembea kwa kujikongoja ana nafasi nzuri ya kurudi kutembea vizuri, aliyelala miezi hawezi kunyanyua mguu nafasi yake imepungua hata apelekwe wapi. Daktari alimwambia mama mdogo, "Mama, hiki cha kwako hakina haraka ya leo, ila hakina ruhusa ya mwaka." Naye akajibu, "Haya mwanangu, nipe nivune kahawa," wakakubaliana tarehe, na kahawa ikavunwa.

Kuna watu wanauliza mionzi. Kwa uvimbe usio kansa mionzi kawaida sio chaguo la kwanza, haiondoi mbano leo na haikupi kinyama cha kupima, na kwa kijana mionzi ina hatari ya baadaye, kwa wale wa mabaka ya kahawa ndo zaidi. Inabaki kwa mabaki yanayorudi kukua au kwa asiyeweza kabisa kupasuliwa.

Na kukandwa, jamani. Mkandaji anayebonyeza pingili zenye uvimbe ndani anacheza na miguu ya mtu. Mafuta ya kupaka juu juu sawa, kubonyeza na kunyonga mgongo hapana.

Wanaosema upasuaji wa huku ni wa kubahatisha niwaambie tu, mwaka 1887 kule London Victor Horsley alitoa uvimbe uliobana uti wa mgongo wa mtu aliyekuwa ameshapooza miguu, na akapona. William Gowers ndiye aliyejua uvimbe uko wapi kwa kumkagua mgonjwa tu, eksirei yenyewe ilikuja kugunduliwa 1895. Leo MRI inaonyesha mpaka upande ambao uti umepinda.

Kupitia mgongoni au kupitia ubavuni

Hili familia nyingi haziulizi, zinadhani kisu ni kisu. Wakati tofauti yake ni kubwa kuliko tofauti ya hospitali na hospitali.

Kupitia mgongoni mgonjwa analazwa kifudifudi, wanafungua misuli, wanatoa kipande cha mfupa wa nyuma ya pingili, wanafungua utando, wanatoa uvimbe kwa hadubini, wanashona utando. Ndo njia ya meninjioma na shwanoma za ndani ya tundu. Uzuri wake daktari wa upasuaji wa ubongo na mishipa anauona uti moja kwa moja na ndo kazi yake ya kila siku. Ubaya: maji ya uti wa mgongo yanaweza kuvuja pale aliposhona, utaona bandeji inalowa maji meupe au mtu akikaa tu kichwa kinapasuka, hilo unalisema saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Na kama wamelazimika kutoa kiungo cha pembeni cha pingili, mgongo unaweza kukosa uimara, wanaweka skrubu na vyuma. Kwa watoto mgongo unaweza kupinda miaka ya baadaye kwahiyo wengine wanarudishia mfupa badala ya kuutoa moja kwa moja.

Kupitia ubavuni au kifuani ni kwa uvimbe uliokaa nje ya tundu, pembeni ya pingili, kama ganglionyuroma nyingi. Inaweza kuwa mpasuko mkubwa katikati ya mbavu au vitundu vidogo na kamera. Cha kamera kinauma kidogo na mtu anatoka mapema. Mifupa ya mgongo haiguswi kabisa, hiyo ni faida kubwa. Ila pafu moja linalazwa, yaani linaachwa bila hewa, wakati wa kazi, mgonjwa anaamka na mrija kifuani, mbavu zinauma wiki kadhaa, na anayepasua hapo ni daktari wa kifua. Uvimbe ukiwa juu kabisa karibu na shingo kuna uwezekano kope ya upande huo ikalegea, mboni ikawa ndogo na nusu ya uso isitoe jasho, wengine inarudi wengine inabaki. Bora uambiwe kabla.

Sasa kuna ule ulioingia pote, kipande ndani ya tundu kipande kifuani, katikati umebanwa na tundu dogo linapotokea mshipa, umbo lake kama kibuyu cha maziwa chenye kiuno. Kwa uvimbe wa mishipa ya fahamu ulioko nyuma ya kifua, kama 1 kati ya 10 una mkia ulioingia ndani ya tundu. Ukivutwa kutoka kifuani bila kuachilia kile kipande cha ndani kwanza, unaweza kuvuta uti au damu ikavujia mle ndani ikaubana. Kwahiyo kawaida wanaanza mgongoni kuufungua uti, alafu wanamalizia kifuani, siku ileile au awamu mbili, na inataka timu mbili zinazoongea. Kijana mmoja wa Ngaramtoni alikuwa ameshapangiwa kupasuliwa kifua kwa siti skani peke yake, akaja daktari mwingine akasema nisubirini nione MRI, mkia ukaonekana, mpango wote ukageuka. Kwahiyo kama ni uvimbe wa pembeni ya pingili na mtu anataka kupita kifuani, swali lako ni moja: MRI ya uti imepigwa?

Kutoa wote au kuacha kipande

Wengi wetu tunataka kusikia "tumetoa wote". Kwa kansa naelewa. Kwa hizi pole, kinacholindwa ni mshipa, na daktari anayekwambia ameacha kipande kilichogandamana na mshipa wa mkono anaweza kuwa ndiye mwenye akili kuliko aliyetoa wote mkono ukabaki unaning'inia.

Inategemea mshipa wenyewe. Mishipa mingi ya kifuani ikikatwa unabaki na mstari wa ganzi kwenye mbavu, unaishi nao. Mishipa ya chini ya shingo ndo inayoendesha bega mpaka vidole, ya kiunoni inaendesha miguu, na ya chini kabisa kibofu na choo. Fundi cherehani wa Kijenge na mpagazi wa Kilimanjaro hawawezi kupewa jibu moja hapa, mwambie daktari unafanya kazi gani na mikono yako au miguu yako, aandike. Kwa meninjioma utando ulikoota unaweza kukatwa na kuzibwa kiraka au kuunguzwa tu ukaachwa. Kuunguza kunapunguza hatari ya maji kuvuja ila kunaacha nafasi kidogo ya kurudi, na kwa mama wa miaka 70 kurudi baada ya miaka mingi sio hesabu sawa na binti wa 25.

Moshi, Dar au India

Sasa ndo tuongee hospitali. Arusha mara nyingi ndo unapoanzia, Mount Meru au ALMC (ile ya Walutheri) au kliniki binafsi, unapata picha na rufaa. KCMC pale Moshi ni hospitali ya rufaa ya kanda tangu 1971, na kwa watu wa Kaskazini ndo mlango wa kawaida. MOI pale Muhimbili Dar ndo taasisi ya taifa ya mifupa na upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu. India tunaijua sote kupitia michango.

Kwa uvimbe wa ndani ya tundu, mmoja, wa kupitia mgongoni, bila vyuma, mi naegemea nyumbani kama majibu ya maswali haya ni ndiyo: daktari wa upasuaji wa ubongo na mishipa yupo na anafanya hizi mara kwa mara, hadubini inafanya kazi, kitanda cha ICU (wodi ya mahututi) kipo siku hiyo, damu ipo. Mgonjwa wa mgongo siku za mwanzo anageuzwa mwili mzima kwa pamoja, mabega na nyonga zinaenda sawa, mmoja anashika kichwa, na ndugu akifundishwa na nesi anafanya hivyo usiku mzima bila kulalamika. Mtori unatoka nyumbani asubuhi. Mazoezi ya viungo yanaendelea wiki kwa wiki badala ya karatasi yenye michoro. Hayo yanahesabika kwenye kupona.

Dar ina maana zaidi pale panapohitajika vyuma, pale uvimbe uko shingoni, au pale hapa wamekwambia wenyewe kwamba hii hatuifanyi, na daktari anayekwambia hivyo mshukuru. Usimpeleke mtu ambaye uti umebanwa kwa basi la kutwa nzima barabara ya Segera bila kumuuliza daktari, kilomita zaidi ya 500 kwenye siti ni mateso. Ndege kutoka uwanja wa KIA ni kama saa moja. Panga pia mahali pa kulala ndugu, maana tarehe ya upasuaji inasogezwa ikija dharura.

India naiona ina sababu pale uvimbe ni ule wa kibuyu mkubwa na timu mbili hazipatikani, au umeshapasuliwa ukarudi, au unataka mashine inayosikiliza mishipa wakati wa upasuaji na hapa haipo. Nje ya hapo, kuna hela inaenda kwenye viza, tiketi mbili, nyumba ya kupanga na kubadilisha fedha ambayo ingelipa MRI za miaka mitano. Kubwa zaidi ni muda. Nimeona michango inakusanywa mguu unalegea, kila Jumapili inatangazwa imefika wapi, na hakuna aliyemuuliza mgonjwa kama bado anapanda ngazi. Na ukirudi maji yakivuja utaenda kwa daktari wa hapahapa ambaye hajaona ndani palikuwaje, kwahiyo usipande ndege bila maelezo ya upasuaji yaliyoandikwa na CD ya picha.

Hela: popote unapochagua omba makadirio kwa maandishi yanayotenganisha upasuaji, ICU, skrubu na vyuma, maabara ya kinyama na MRI ya baadaye. Vyuma ndo vinavyowashtua watu. Kama una bima nenda na makadirio hayo ofisini kwao kabla ya kulazwa, uliza kipengele kimoja kimoja, vyuma je, hadubini je, usiridhike na "tunalipia upasuaji".

Na kinyama kikishatoka hakikisha kimeenda maabara, uliza namba yake na nani anafuatilia majibu, maana mgonjwa akiruhusiwa anatembea watu wanafurahi wanasahau hiyo karatasi. Ikisema ni kile kilichotarajiwa unaendelea na ratiba ya MRI. Ikisema kitu kingine, TB au seli zisizoeleweka, ratiba yote inabadilika na utataka kujua hilo wiki hiyo, kabla ya miezi 6 ya MRI kufika.